Waliotahadharisha Mapema

Juni 2014, Twitter ya Marekani ilijaa akaunti za wanawake weusi wakidai Siku ya Akina Baba ifutwe. Hashtegi yao ilikuwa #EndFathersDay. Watu walihamaki, hadi Fox News wakaijadili, na wengi wakajisemea: si mnaona, hawa watetezi wa wanawake wanawachukia wanaume tu.

Kumbe kampeni nzima ilipikwa 4chan, jukwaa la mtandaoni ambako watu huandika bila kujitaja majina. Wapishi wake walifungua akaunti feki, wakabandika picha za wanawake weusi, wakaandika Kiingereza cha mtaani ambacho hakuna mtaa unaokizungumza.

Hicho Kiingereza ndicho kilichowaumbua. Shafiqah Hudson, mwanamke mweusi mtetezi wa wanawake, alikisoma akaona hapana, hatuongei hivi. Tena katika wenzake wote mtandaoni hakuna aliyewajua hao watu. Mwenzake, I'Nasah Crockett, akafukua hadi 4chan kwenyewe, akawakuta wanavyopanga. Hudson akaanzisha #YourSlipIsShowing, yaani shimizi inachungulia, kauli ambayo shangazi yeyote angemnong'oneza binti kabla hajatoka nje. Akaunti feki zikawa zinaanikwa pale, moja baada ya nyingine.

Angalia walichokwepa Hudson na wenzake: hawakubishana kuhusu akina baba. Wangebishana, uongo ungepata hadhi ya hoja. Walimwanika msemaji. Sisi huku, mwanamke mgombea akizushiwa jambo, tunapiga skrinishoti na kuitupa kwenye magrupu yote ya WhatsApp: "Jamani, hivi ni kweli?" Kisha tunajiona hatujasambaza kitu.

Twitter yenyewe haikufanya la maana. Kazi ya ulinzi waliachiwa wanaotukanwa, bure. Miaka miwili baadaye, kwenye uchaguzi wa Marekani wa 2016, Internet Research Agency, kampuni ya propaganda za mtandaoni ya St. Petersburg, Urusi, ilitumia ujanja uleule wa kujifanya watu weusi. Ukurasa wao mmoja wa Facebook uliitwa Blacktivist. Kamati ya ujasusi ya Seneti ya Marekani ilikiri mwaka 2019 kwamba hakuna kundi lililolengwa na kampuni hiyo zaidi ya Wamarekani weusi. Tahadhari ilikuwepo tangu 2014, ila waliotoa hawakuwa na vyeo.

Hudson alifariki Februari 2024. Siku hizi kampuni ya mtandao ikitangaza jopo la kupambana na upotoshaji, mimi natazama kwanza majina: yumo nani kati ya wanaotukanwa kila siku, na analipwa shilingi ngapi?