Siku Trela Ilipotaka Kunipita

Shemeji yako akikupigia simu saa tatu usiku na kuanza kwa kuuliza hali ya kuku, ujue kuna kazi.

"Kuku hawajambo," nikamwambia. "Sema shida yako."

"Shemeji, ile pikapu yako bado ina nguvu?"

Hapo akawa amenimaliza. Nina Hilux ya milango minne, ya mwaka 2016, injini 2.8 ya dizeli, na mtu akiuliza kama ina nguvu mimi husikia kama ameuliza iwapo nimetahiriwa. Nikamjibu kwamba ing'oe nini, mti au nyumba?

"Nyumba," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mimi nakaa Tororo, Uganda. Baba ni Mdigo wa Kwale, aliyekuja huku na lori enzi zile, akaoa Mteso pale Malaba na Kwale akawa anarudi kwa mazishi tu. Ndiyo maana kwetu chakula ni cha Kiteso na matusi ni ya Kiswahili. Shemeji ni mume wa dada yangu, mtu wa Kapchorwa, mwenye kiwanja kule Sipi karibu na maporomoko. Kumbe alikuwa amenunua nyumba ya magurudumu, zile za Wamarekani, yenye vitanda, jiko na choo ndani. Wageni fulani waliishusha Mombasa wakiwa na mpango wa kliniki ya kutembea, mpango ukafa, nyumba ikauzwa. Lobedi, lile trela la chini la kubebea mizigo mikubwa, ikaileta hadi Tororo, ikaishusha kwenye uwanja wa rafiki yake kando ya barabara ya Mbale. Kwa safari iliyobaki, mwenye lobedi alitaka milioni tatu.

"Mimi nipe laki sita na mafuta," nikasema.

"Ina uzito gani?" Hilo swali niliuliza, nisije nikasingiziwa kwamba sikuuliza.

"Tani mbili na kitu."

Hicho "kitu" nilikuja kujua baadaye kwamba kilikuwa tani mbili nyingine.

"Ila wameniambia," akaongeza, "ni trela ya gurudumu la tano."

Basi asubuhi nikafika na tanboi wangu, jeki mbili na tairi la akiba, nikijua moja kati ya hayo matano lazima litapasuka. Tukaizunguka ile nyumba tukihesabu. Manne. Tukahesabu tena. Tanboi akaingia uvunguni kulitafuta la tano, akatoka na utando wa buibui kichwani.

Mzee wangu alikuwa amekuja na boda kutazama. Alicheka mpaka akashikilia ukuta. Miaka thelathini ameendesha malori, na mwanawe anatafuta gurudumu la tano uvunguni! Akatueleza kwamba hilo si tairi. Ni ile sahani ya chuma iliyopakwa grisi mgongoni mwa kichwa cha trela, zimejaa pale foleni ya Malaba, ambayo pini ya trela huingia na kujifunga. Trela ya kawaida unaifunga nyuma ya bampa. Hii inapanda mgongoni kabisa, juu ya ekseli ya nyuma.

Halafu akaizunguka nyumba mara moja, mikono nyuma.

"Hii inavutwa na nini?"

"Na ile pale."

Akaitazama Hilux. "Na nyingine iko wapi?"

Ubavuni, karibu na mlango, kulikuwa na kibandiko. Mzee akavaa miwani. "Ikiwa tupu, 9,150."

"Kilo?" shemeji akashtuka.

"Pauni."

"Pauni si pesa ya Uingereza?" tanboi akauliza. "Basi shemeji umeipata rahisi."

Mzee akapiga hesabu kwa kijiti mchangani, kila pauni gramu 450 na ushee. Ikatoka kilo 4,150. Nami kitabu cha Hilux yangu nakijua. Kinasema inavuta kilo 3,500 kama trela ina breki zake na zinafanya kazi, na kama haina, kilo 750. Ile nyumba breki ilikuwa nazo, tena za umeme, lakini breki za aina hiyo zinataka kisanduku ndani ya gari cha kuzipelekea moto unapokanyaga, na mimi sikuwa nacho. Hata plagi zilikataana, yao ina vibapa, yangu ina vijiti vya mviringo. Kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kilo 750, nami nafunga 4,150. Hesabu hii naifanya leo nikiandika. Siku ile nilikuwa nikihesabu laki sita.

Fundi wa kuchomelea akatutengenezea sahani hapo hapo, akaikaza kwa bolti mpaka kwenye chesisi. Nikarudi kinyumenyume polepole, mzee akiniongoza kwa vidole viwili, pini ikaingia. Kacha! Watu wakapiga makofi, maana watu walishajaa, na muuza rolex, zile chapati za mayai, alishahamisha jiko lake. Tanboi akaanza kuzungusha mkono wa kupandisha miguu ya mbele ya trela, na kila alipozungusha, uzito ukawa unahama kutoka kwenye miguu kuja mgongoni mwa Hilux.

Mgongo ukashuka. Springi zikanyooka, kisha zikapinda upande usio wake. Matairi ya nyuma yakatanuka kama mtu aliyekalia embe. Na pua, jamani, pua ya Hilux ikapanda, ikapanda, mpaka taa za mbele zikawa zinatazama kilele cha mwamba wa Tororo. Nilipoushika usukani ulikuwa mwepesi kama mwiko kwenye uji wa mgonjwa.

"Trela ya namna hii," mzee akasema, "kama fungu la tano la uzito wake linakaa kwenye pini. Hapo umebebeshwa kilo mia nane na zaidi, bado hujahesabu sahani, bado sisi hatujapanda." Uwezo wote wa Hilux mgongoni ni karibu tani moja. "Kule kwao zinavutwa na pikapu kubwa kuliko hii, nyingine zenye tairi sita, nyuma nne. Tena angalia pale." Akaonyesha kutoka kwenye pini hadi kwenye kioo changu cha nyuma. Haikufika hata mita moja. "Nyumba ina upana wa mita mbili na nusu hivi. Ukikata kona kali, hii pembe yake inaingia humu ndani kukusalimia."

"Barabara ya Mbale imenyooka," nikasema.

Na hapo ndipo akili ikanijia, ile ya kuniponza. Shemeji alikuwa na mifuko 20 ya saruji ya kujengea vyoo kule Sipi. Nikasema, kama mbele ni kuzito, si tuzidishe nyuma? Mizani ya sokoni si ndivyo ilivyo? Vijana wakaipakia yote chumba cha nyuma kabisa, chini ya dirisha. Kilo elfu moja. Kila mfuko ulipoingia, pua ya Hilux ikashuka kidogo, na mfuko wa ishirini ulipotua, gari likawa limesimama sawa kama limetoka dukani.

Nilijiona profesa. Shemeji alinikumbatia. Mzee hakusema neno. Alitazama mkia wa ile nyumba kwa muda, akamwita mwenye boda, akasema, "Mimi nitawafuata na hii."

Tulipokuwa tunapanda, shangazi yake shemeji akatokea na mto, flaski ya chai na redio. Akaingia ndani ya nyumba.

"Shangazi, hairuhusiwi mtu kukaa humo," nikamwambia.

"Hii ni nini?"

"Nyumba, Shangazi."

"Na mtu anakaa wapi?"

Nikafunga mlango. Shemeji alikuwa ameweka betri mpya humo ili taa ziwake na redio ya Shangazi iimbe, na naomba muikumbuke hiyo betri. Mkumbuke pia waya mwembamba uliokuwa unaning'inia mbele ya trela, mwisho wake una kipini kilichochomekwa kwenye kikopo cha plastiki. Tanboi aliuona unaburuta. Kijana hapendi uchafu. Akaufunga kwenye bodi ya pikapu, fundo tatu, mfupi, umekazwa vizuri.

Kilomita za kwanza zilikuwa tamu. Mwendo arobaini, watoto wa shule wakipunga mikono, boda zikitupisha kama msafara wa mkubwa. Shemeji alishaanza kupanga bei za vyumba. Nikaongeza hadi hamsini. Tulipokaribia Busiu kukawa na mteremko mdogo tu, nikaiachia, ikafika sitini.

Kwanza nilidhani ni upepo. Nyuma pakasukumwa kidogo kulia, pakarudi. Kisha kushoto, pakarudi. Nikatazama kioo cha kushoto, nikaona ukuta wa nyumba na dirisha lenye pazia. Nikatazama cha kulia, nyumba hiyo hiyo, dirisha jingine. Ikawa inanichungulia huku na huku kama mtoto anayecheza kibe. Mkia wa mbwa aliyeona mfupa haupigi vile. Pini iliyotakiwa kukandamizwa nilikuwa nimeipunguzia mzigo kwa saruji zangu, na tani nzima kule nyuma ilikuwa sasa inaichezesha Hilux chakacha.

Nikakanyaga breki.

Nawaambieni ukweli, nyumba haikupunguza mwendo. Ilifanya kama mtu aliyeambiwa "nisubiri" na yeye ana haraka. Ikatoka ubavuni, nikaiona inakuja sambamba na mlango wa shemeji, inataka kunipita kushoto! Shemeji akaanza kumwita mama yake, ambaye alifariki zamani.

Halafu pakalia kitu kidogo, tik. Mara matairi yote manne ya nyumba yakapiga ukelele, moshi ukafumka, na kitu kama mkono wa Mungu kikatushika kwa nyuma. Nyumba ikarudi kwenye mstari. Hilux ikajipinda kidogo mwishoni, ile pembe ikaja kutoa salamu alizoahidi mzee, na kioo changu cha nyuma kikamwagikia shingo ya tanboi kama punje za mahindi. Tukasimama katikati ya lami. Kimya. Ndani ya nyumba redio ikiendelea kusoma salamu.

Mlango ukafunguka. Wamarekani huendesha kulia, kwa hiyo mlango wa nyumba zao uko kulia, upande wa kando ya barabara kwao. Kwetu huo ni upande wa kati. Shangazi akashuka na kandambili moja, gauni limelowa chai, moja kwa moja katikati ya njia, mbele ya lori la mafuta lililokuwa linatoka Mbale. Dereva akasimama kwa adabu zote.

"Dereva wenu ni yupi?" Shangazi akauliza.

Sote tukamtazama shemeji, pamoja na mimi.

Afande naye akafika, sijui alitoka wapi. "Hii ni nyumba au gari?"

"Nyumba, afande," shemeji akadakia.

"Mbona iko barabarani?"

"Ni gari, afande."

"Namba yake?"

"Ni nyumba, afande."

Shida ikawa haisogei. Matairi yamekaba. Nilitia gia ya kwanza, Hilux ikanuka klachi. Foleni ikafungana pande zote mbili na kila mtu akaja na digrii yake. Mmoja akasema tumwage maji, mwingine akataka nyundo, na mama mmoja muuza ndizi akashauri tuombe kwanza. Tuliomba.

Boda ya mzee ikapenya. Akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye kile kikopo cha plastiki, akachungulia tundu. "Kipini cha hapa kiko wapi?"

Tukatazamana. Tanboi akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa funguo zake za nyumbani. Zilikuwa zinaning'inia kwenye kipini. Alikiokota wakati sisi tunaomba, akakiona kizuri.

Mzee akakichomeka na funguo zake. Tik. Matairi yakalegea, nyumba ikasogea kidogo yenyewe, Shangazi akaruka pembeni.

Kumbe kile ndicho kinga ya trela inayochomoka. Ikiachana na gari, waya unavuta kipini, na betri ya trela inapiga breki zote peke yake. Sisi haikuachana. Ila ule mpinduko ulipozidi, waya wa fundo tatu ukakosa urefu. "Na trela ikipiga mkia," mzee akasema, "dawa ni kushika breki ya trela peke yake, ya gari uiache. Wewe ulifanya kinyume. Kijana huyu ndiye aliyeendesha."

Tanboi amedai nyongeza ya mshahara tangu siku hiyo.

Lobedi ilikuja jioni, milioni tatu na nusu, ile nusu iliyozidi ni juu yangu. Saruji ikapanda na lori jingine. Mimi nikarudi Tororo na karatasi ya nailoni pale kilipokuwa kioo, na faini ambayo sitaitaja kiasi kwa sababu mke wangu anasoma.

Juzi shemeji akapiga simu, saa tatu usiku. Nyumba imefika Sipi salama, imewekwa pazuri, ila mlango umetazama ukutani na choo kimetazama maporomoko. Inabidi igeuzwe. Mita kumi tu, shemeji, hata barabarani haifiki.

"Lakini kwanza," akasema, "kuku hawajambo?"

"Walikufa wote," nikamwambia, nikakata simu.