Gamelan kufuata kinanda: Java imepata nini, imepoteza nini?

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza gamelan ya Indonesia, yaani seti ya magongi na vyombo vya shaba vinavyogongwa pamoja, kwenye orodha ya turathi zisizoshikika za binadamu. Watu wa kisiwa cha Java walipongezana, na walistahili. Ila ukialikwa harusini Java ya Kati au Yogyakarta, huenda usiisikie gamelan yenyewe bali campursari: vyombo vichache vya gamelan vikipigwa pamoja na kinanda cha umeme, gitaa la besi na mdundo wa dangdut, muziki wa dansi wa Indonesia. Aliyeusambaza zaidi muziki huu ni Manthous wa Gunungkidul, aliyeunda kundi lake mwaka 1993. Ubishi kama anaistahili sifa au lawama haujaisha.

Wanaolaumu husema mengi kuhusu adabu na mavazi jukwaani. Hayo tuyaweke kando. Hoja yao yenye uzito ni ya sauti.

Gamelan ya Java ina skeli mbili, slendro yenye sauti tano na pelog yenye saba, na hakuna inayolingana na kinanda. Tena hakuna kipimo kimoja cha wote. Kila seti hulinganishwa peke yake, ndani yake yenyewe. Chukua chombo cha seti moja ukichanganye na nyingine, kitapiga kelele za ugomvi. Fundi hufua mchanganyiko wa shaba na bati, anagonga, anasikiliza, anakwangua kidogo. Akikwangua katikati ya kibao cha shaba cha saron, mojawapo ya vyombo vya gamelan, sauti hushuka. Akikwangua kwenye ncha, hupanda. Seti iliyotoka mikononi mwake haina pacha, ndiyo maana zile za makasri hupewa majina. Mbili za kasri la Yogyakarta, zinazopigwa kwenye uwanja wa Msikiti Mkuu kila msimu wa Maulidi, huitwa Kyai Guntur Madu na Kyai Nagawilaga. Kyai ni jina hilohilo la heshima wanaloitwa masheikh wa huko.

Sasa mlete mpiga kinanda. Vinanda vingi vya kisasa vinaweza kubadilishwa sauti zake vikaifuata gamelan, lakini kwa kawaida kinachotokea ni kinyume: gamelan ndiyo inayolinganishwa upya ili ifuate kinanda. Wa Zanzibar na Mombasa wataelewa haraka, kwa kuwa walishuhudia kinanda kikiisukuma kanuni, kile chombo cha nyuzi, pembeni kwenye taarabu.

Upande wa pili una jibu, na jina la jibu hilo ni Didi Kempot. Alizaliwa Solo, mji wa Java ya Kati, akaanza kwa kuimba mitaani, na aliimba campursari kwa Kijava, mapenzi yaliyovunjika tupu, hadi akapendwa Suriname, Amerika Kusini, na wajukuu wa vibarua wa Kijava waliopelekwa huko na Waholanzi. Mwaka 2019 vijana wa mjini walimgundua upya, wakajiita Sobat Ambyar, yaani marafiki waliovunjika moyo, wakawa wanalia huku wakicheza. Alifariki Mei 2020. Sijui sera gani ya serikali ingewafanya vijana waliozoea Kiindonesia cha shuleni na mitandaoni waimbe kwa Kijava kwa sauti kubwa namna ile. Huyu aliweza.

Watetezi huongeza kwamba Indonesia haijawahi kuwa na muziki usiochanganywa. Keroncong ina mizizi ya Kireno. Dangdut imechota kwa orkestra za Kimalay, filamu za Kihindi na magitaa ya roki. Hilo kweli, lakini mfano wao wanaoupenda, gong kebyar, mtindo wa gamelan wa kisiwa cha Bali, unawageuka. Kebyar ilizuka kaskazini mwa kisiwa mwanzoni mwa karne ya 20, ya kasi na ya vishindo, na leo ndiyo inayoitwa mila. Hata hivyo ilibaki na skeli ya Bali na vyombo vyake vya jozi, kimoja kikiwa juu kidogo ya mwenzake ili sauti itetemeke. Na haikuja bure: gamelan za zamani ziliyeyushwa ili shaba yake ifuliwe za kebyar.

Kwa hiyo kuchanganya kwenyewe hakunisumbui. Ninaloliona hasara ni seti kuukuu ya shaba kukwanguliwa ili ilingane na kinanda, kwa sababu ulinganifu ule haukuandikwa popote. Ulikuwa ndani ya shaba yenyewe na masikioni mwa fundi ambaye pengine amekwishafariki. Kundi la kijijini linaloagiza seti mpya ya chuma, ambayo ni rahisi kuliko ya shaba, na kuomba tangu mwanzo ilingane na kinanda, halijamdhulumu mtu.