Chatu Mgonjwa Mwacheni Asile

Chatu hawezi kukohoa. Hana ule msuli kati ya kifua na tumbo ambao sisi tunautumia kusukuma makohozi, kwa hiyo ute ukishamjaa mapafuni unabaki humohumo. Anachoweza ni kuinua kichwa, kuachama na kungoja. Ukisogea utasikia mkoromo kama wa kiko cha maji, na kwenye pembe ya mdomo utaona uzi wa ute unaning'inia. Aliyemnunua juzi hujisifu kwamba kapata nyoka mkali, anamfokea kila mtu. Huyo hafoki. Anatafuta pumzi.

Hapa Tabora nimelisema hili mpaka vijana wa ngoma wananitania kwamba nimekuwa Myeye bila kuchanjwa. Wayeye, kwa msomaji wa mbali, ni chama cha jadi cha mafundi wa nyoka wa Kinyamwezi na Kisukuma, wenye dawa zao na siri zao. Siri tuwaachie wenyewe. Ninalogombania mimi ni dogo: chatu mgeni akiugua, acheni kumlisha.

Mpwa wangu yuko kwenye kikundi kimojawapo cha ngoma ya nyoka, na mwaka huu walinunua chatu kwa ajili ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Ipuli. Angalia kalenda uone ubaya wake. Ukitaka nyoka wa kuonyesha tarehe 8 Agosti utamnunua Juni au Julai, na hiyo ndiyo kipupwe yetu. Mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai hata sisi tunajifunika blanketi zito. Nyoka naye katoka porini, kafungwa ndani ya kiroba, kasafirishwa kwenye buti la basi, kisha kalazwa kwenye sakafu ya saruji. Damu yake haina moto wake yenyewe. Mwili ukipoa, kinga inapoa pamoja nao, na vijidudu alivyokuwa akivimudu porini vinapata nafasi.

"Shangazi shikamoo, njoo umwone, hataki kula," ndivyo mpwa wangu alivyosema kwenye simu. Hakusema hapumui vizuri. Alisema hataki kula. Namwelewa, maana ndivyo tulivyolelewa. Mgonjwa kwetu anabembelezwa: uji mwepesi, supu ya kuku wa kienyeji, onja hata kijiko kimoja. Asiyekula tunamhesabu kuwa amekata tamaa. Basi nilipofika nikakuta mmoja ameshika kifaranga, mwingine kikombe cha maziwa, mzee mmoja wa jirani anaelekeza namna ya kumpanua taya kwa kijiti. (Maziwa sijui nani aliyatangaza. Nyoka hanyonyi toka azaliwe, na tumbo lake halina cha kuyafanyia.)

Usagaji wa chakula wa chatu unategemea joto la mahali alipo. Akiwa wa baridi, kifaranga kinaozea tumboni kabla hakijasagika, halafu anakitapika pamoja na maji machache aliyokuwa nayo. Hapo umemwongezea ugonjwa wa pili. Chatu mzima mwenye afya anakaa miezi bila kula na hadhuriki, kwa hiyo majuma machache ya kufunga si msiba. Mbaya zaidi ni wanaomwachia panya hai ndani ya boksi "ili akijisikia ajichukulie". Mgonjwa hajichukulii. Asubuhi unakuta panya ndiye aliyekula, na mgongo wa chatu umetafunwa mpaka nyama inaonekana.

Anachohitaji kwanza ni joto, na Tabora joto hilo lipo kwa kila mfugaji wa kuku: taa ya kulelea vifaranga na kipimajoto chake. Taa ining'inizwe nje ya wavu, upande mmoja tu, upande huo ufike nyuzi 30 hadi 32, na mwingine uwe chini kidogo ili achague mwenyewe pa kulala. Isiwe ndani kwake, atajizungushia taa na kuungua bila kushtuka. Na jiko la mkaa lisikaribie kabisa. Mwenye kifua hafukizwi moshi. Beseni la maji ya uvuguvugu awekewe, asimamiwe, maana anakunywa humo. Ukiona vidoti vyeusi vinaelea majini, ana utitiri. Ila msimpulizie dawa ya kuogeshea ng'ombe wakati anahangaika na pumzi.

Kisha daktari wa mifugo. Wengi wanaona haya kumpeleka nyoka, au wanapitia duka la pembejeo wanunue OTC, ile antibiotiki ya ng'ombe, wamchome mkiani. Dawa hiyo inaunguza nyama, na nyoka anachomwa theluthi ya mbele ya mwili, kwa sababu damu ya nyuma hupitia kwenye figo kwanza. Kipimo kinatokana na uzito. Wetu alitiwa kwenye gunia akapimwa kwa mizani ya ndoano ya muuza samaki, huku nusu ya mtaa imepanda juu ya mawe kuangalia. Daktari alicheka, akasema amezoea wenye miguu, halafu akampigia mwenzake aliyesoma naye SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na kuandika vipimo vizuri tu. Sindano zilikuwa za kupisha siku kadhaa, si za kila siku kama za mbuzi.

Kuna wasioweza kufanya hivyo mchana kweupe, kwa kuwa nyoka wao hana karatasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka kibali, na chatu ni mnyamapori hata akilala chini ya kitanda chako. Asiye na kibali anamficha mgonjwa mpaka afe, au anamtupa kichakani usiku na ugonjwa wake akawaambukize wenzake. Kwangu mimi kibali kinaulizwa kabla ya bei. Muuzaji akianza kutazama pembeni, mwache na kiroba chake.

Wa kina mpwa wangu sasa anafunga mdomo akipumua, na ute umepungua. Bado hajala, na hakuna anayemlazimisha. Mwenyekiti wa kikundi ananinunia kwa sababu mabango yalishachorwa yakiwa na picha ya chatu. Nimemwambia wacheze na majembe kama Wanyamwezi wengine, chatu atatoka siku kifua kitakapokuwa kimya kabisa, hata kama siku hiyo hakuna mgeni rasmi.