Manowari London na miaka yake ya nanga Unguja

Wapenzi wa manowari za matanga wakiitaja meli London ya Uingereza, husimulia Sevastopol, bandari ya Warusi iliyoshambuliwa katika Vita vya Krimea. Ilishushwa majini Chatham mwaka 1840, sitaha mbili za mizinga ipatayo 90, na tarehe 17 Oktoba 1854 ikazisogelea ngome za Warusi mpaka ikaumia na kujitoa vitani. Yaliyofuata hupewa mstari mmoja: ikatiwa injini, ikazeeka, mwaka 1874 ikafungwa nanga Unguja kuzuia biashara ya watumwa, na mwaka 1884 ikauzwa. Mimi naona utumishi wake wa maana umo ndani ya mstari huo.

Wanaoubeza huuliza jitu lile lililolala bandarini lilimkimbiza nani. Halikumkimbiza mtu, waliokimbiza ni mashua zake. Juni 1873 Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Lakini kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, na mashamba ya Pemba, yaliyonusurika, yakawa yanadai watu. Kutoka Mrima, pwani ya bara, mpaka Pemba jahazi lenye upepo mzuri halihitaji zaidi ya usiku mmoja. Meli inayopita mara moja kwa msimu haiwezi kuuzuia usiku huo. Huzuiwa na mabaharia waliojibanza mikokoni ndani ya mashua isiyo na paa, mvua yao, homa yao, wakijua kwamba chakula, baruti na kitanda cha mgonjwa viko Unguja, ndani ya ile meli kuukuu.

Lawama zipo, na nzito kuliko zote ni ya fedha. Mabaharia walilipwa pauni 5 kwa kila mtumwa waliyemkomboa. Jahazi lililohukumiwa bila watumwa ndani lililipiwa kwa tani zake, na mara nyingi lilikuwa limekwisha kuchomwa moto, vipimo vikabaki vile walivyoandika waliolikamata. Hapo nahodha wa haki, mwenye shehena ya mtama na mpishi mtumwa wa nyumbani kwao, angejitetea kwa ushahidi gani? Hasara hiyo siipuuzi, maana jahazi lilikuwa mali ya ukoo mzima. Tena Lloyd Mathews, luteni wa London, ndiye aliyekabidhiwa jeshi la Sultani mwaka 1877, na baadaye akawa waziri mkuu wa Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza. Anayesema meli ile iliutangulia ukoloni hasemi uongo.

Hata hivyo, tamaa ya zawadi hainielezi Disemba 1881. Kapteni Brownrigg, mkuu wa London, alikuwa kwenye mashua ndogo ya moshi karibu na Pemba alipolikuta jahazi la nahodha Hindi bin Khatami likipeperusha bendera ya Ufaransa. Bendera ile ilimkataza kulipekua, maana Ufaransa haikuwaruhusu Waingereza kupekua vyombo vyake. Alisogea kutazama hati tu, na watu wake hawakujiweka tayari kupigana. Wakamiminiwa risasi, wenzake wakauawa au wakajitupa majini. Yeye alibaki amesimama, akipigana kwa kitako cha bunduki mpaka akaanguka. Ndani ya jahazi lile kulikuwa na watu wapatao 100, wakipelekwa Pemba.