Redioni, ndege yetu iitwe Twiga

Ndege ya Air Tanzania ikiuita mnara wa kuongozea ndege wa Dar es Salaam, rubani hutaja "Tanzania" na namba ya safari. Si kosa, Kenya Airways nao wanasema "Kenya" tu na maisha yanaendelea. Ila kwangu tumejinyima raha. Mkiani tumemchora twiga, mnyama wa taifa, halafu redioni tunajitambulisha kama tuko kwenye foleni ya Uhamiaji.

Wasauzi wakija hapa Julius Nyerere wanaitwa "Springbok", yule swala wao. Mwaka 1997 walibadilisha rangi za ndege wakamtoa mkiani, lakini redioni hawakumgusa. British Airways ni "Speedbird", jina la nembo iliyochorwa mwaka 1932 kwa ajili ya Imperial Airways, kampuni iliyokufa zamani. Ninalolipenda zaidi ni "Cactus", ule mmea wa miiba wa jangwani. Lilikuwa la America West, kampuni ya jangwani Arizona. Ilipoungana na US Airways, abiria walibaki na jina la US Airways kwenye tiketi, marubani wakabaki na Cactus. Ndiyo maana ile ndege iliyotua mtoni Hudson Januari 2009, watu wote 155 wakatoka hai, redioni ilikuwa Cactus 1549.

Mtaniambia jina la redio si pambo, ni usalama. Kweli, na hapo ndipo Twiga anaposhinda: silabi mbili, na halifanani na Kenya wala Ethiopian.

Neno la mwishoni mwa jina ndilo nisingeligusa. Dreamliner yetu, ile Boeing 787 kubwa, huongeza "Heavy", yaani nzito, na si majigambo. Ni kwa ndege inayoruhusiwa kuruka na uzito wa tani 136 au zaidi. Dreamliner hiyo inafika 227. Nyuma yake huacha mizunguko ya hewa inayoweza kuipindua ndege ndogo ya Cessna Caravan inayorudi kutoka Mafia, kwa hiyo mwongoza ndege huiweka Caravan maili 6 za baharini nyuma. (Airbus A380, jitu la ghorofa mbili, ni "Super", lakini hiyo tuwaachie wenye hela.)

Hebu sema kwa sauti: Twiga Heavy.

Ombi lianzie kwenye kampuni yenyewe, lipite Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wakikuta Twiga limeshachukuliwa, nitakubali hata Tembo. Kilimanjaro hapana, ni refu mno kwa rubani anayetafuta njia ya kutua katikati ya mvua za masika.