Mabao 18 ya Busquets, na uvivu wetu wa kuhesabu

Likitajwa jina la Sergio Busquets, kiungo mkabaji wa zamani wa Barcelona na Hispania, hakosekani mtu wa kumwaga takwimu: mechi 722 Barcelona, mabao 18. Halafu kejeli: na huyu naye gwiji? Desemba 2025 alipotundika daluga, baada ya Inter Miami kuichapa Vancouver Whitecaps 3-1 na kubeba MLS Cup, ubingwa wa ligi ya Marekani, nilidhani tungemwacha apumzike. Wapi!

Haya, tuangalie kazi yenyewe. Beki wa kati Piqué ana mpira nyuma. Straika wa wapinzani anamsogelea, namba kumi wao, yaani kiungo mshambuliaji, amemganda Busquets. Kiungo wa kawaida hapo anajificha nyuma ya mkabaji ili asipewe mpira, au anauomba huku amewapa mgongo watu wote anaopaswa kuwaona. Busquets ameshageuza shingo, bega la kulia, bega la kushoto, kabla Piqué hajainua kichwa. Anapiga hatua mbili kumwendea Piqué. Namba kumi akimfuata, nyuma yao unafunguka uchochoro na pasi inakatiza katikati hadi kwa Messi aliyeshuka kuuchukua. Busquets hajagusa mpira. Hiyo utaiandika safu gani ya takwimu zako?

Namba kumi asipomfuata, mpira unamjia yeye. Anaupokea amekaa ubavu, kwa mguu ulio mbali na adui, kwa hiyo mguso wa kwanza tu tayari anatazama mbele. Adui akija mbiombio, anaukanyaga mpira kwa soli, anauvuta nyuma, jamaa anapitiliza. Na kama wapinzani wanakabia juu wawili wawili, anashuka kati ya mabeki wa kati, nyuma wanakuwa watatu dhidi ya wawili, beki wa kulia Dani Alves anapata ruhusa ya kupanda kana kwamba ni winga. Kila shambulizi lililoishia kwa Messi lilikuwa na mtu aliyeanza kulifungulia njia namna hii, na mara nyingi ni huyu mrefu wa mita 1.89 asiye na mbio.

Takwimu zenyewe zina vituko. Aprili 27, 2011, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Bernabéu, dakika za mwisho. Messi anamgongea Busquets, Busquets anautuliza tu, Messi anauchukua pale pale mguuni mwake, anawakata mabeki wa Madrid na kufunga la pili. Busquets kapewa asisti, yaani kahesabiwa pasi ya bao! Mguso rahisi kuliko yote aliyopiga usiku ule ndio uliohesabiwa. Migumu haimo popote.

Wanaomwiga ndio wanaoonyesha ugumu wa kazi hii. Mchezaji anajifunza ile ya soli, anasahau shingo. Anapokea bila kuangalia, mpira unamwingia chini ya tumbo, anahitaji miguso mitatu, ananyang'anywa mita 25 kutoka golini kwake. Na kuna sharti makocha wengi hulikwepa: namba sita, yaani kiungo mkabaji, wa aina hii anahitaji jirani wa kumpa pasi, mita kumi hivi, kushoto na kulia. Enzi za viungo wenzake Xavi na Iniesta jirani hawakukosekana, na mpira ukipotea watu watano walikuwa tayari wamemzunguka aliyeuchukua. Ondoa hao majirani, weka mbele Messi na Suárez waliokwishavuka miaka 30 na wasiorudi kukaba, pandisha mabeki wa pembeni, halafu mwache Busquets alinde upana wote peke yake. Matokeo ni vipigo vya Ligi ya Mabingwa: 4-0 kwa Liverpool pale Anfield mwaka 2019 na 8-2 kwa Bayern kule Lisbon mwaka 2020. Wachambuzi wakatuambia amezeeka. Ajabu, hata akiwa na miaka 20 hakuwahi kuwa na mbio!

Sawa, alikuwa mzito akiachwa na nafasi kubwa mgongoni, hilo siwezi kubisha. Na ule uchunguliaji wake kati ya vidole, amelala chini akijifanya kaumia, wakati Thiago Motta wa Inter Milan anapewa kadi nyekundu mwaka 2010 ni aibu, basi. Penalti yake dhidi ya Morocco kwenye Kombe la Dunia 2022 kipa Bono aliidaka kama anachuma embe.

Kuna na hili la Yaya Touré, kiungo wa Ivory Coast, ambalo mashabiki wengi wa Afrika bado linawauma. Kocha Guardiola alimtoa Busquets Barcelona B, timu iliyokuwa daraja la nne, na Mei 2009 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Roma dhidi ya Manchester United kijana akaanza kiungo huku Touré akipelekwa beki ya kati. Inauma, ndiyo. Ila tazama Touré alichofanya Manchester City: mabao 20 ya ligi msimu wa 2013/14, akipanda mbele kila alipotaka. Mtu wa namna hiyo umfunge mbele ya mabeki wako ili iweje?

Hispania nao walimchoka mapema. Walipofungwa 1-0 na Uswisi kule Durban, mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia 2010, kelele zilikuwa kwamba Busquets na Xabi Alonso, viungo wawili wa kukaba, pamoja ni wengi mno. Kocha Del Bosque akaziba masikio, akawapanga tena wote wawili. Hispania ikaruhusu bao moja tu katika mechi sita zilizobaki, ikachukua kombe.

Sasa tumemsifu Rodri, namba sita mwenye Ballon d'Or ya 2024, na anastahili. Lakini Rodri ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Istanbul mwaka 2023. Bila lile bao, sijui kama wapenda takwimu wangekuwa hata wamejifunza jina lake.