Wewe na Boti Yako Bado Hamjajuana

Jana usiku rafiki yangu alinitumia picha ya boti yake mpya. Mpya kwake, maana imeshapita mikononi mwa wengine. Futi 36, mlingoti mmoja, ubavu umepakwa rangi ukang'aa, magodoro ya ndani safi. Chini ya picha akaandika: "Kaka, nimeshalipa. Ijumaa ijayo tunang'oa nanga."

Anataka kukata maili 900 za bahari kuu. Kwa mwendo wa noti tano, yaani maili tano za bahari kwa saa, hiyo ni siku saba na nusu, usiku na mchana, upepo ukikubali. Kwa nini Ijumaa ijayo? Kwa sababu kazini amepewa likizo ya wiki mbili, na wenzake watatu wameshakata tiketi za ndege za kurudi kutoka huko wanakokwenda. Nilipomwuliza kama ameshalala hata usiku mmoja ndani ya hiyo boti, akanijibu kwamba mkaguzi ameikagua na ripoti ni nzuri.

Sikupata usingizi, ndiyo maana naandika.

Ripoti ya mkaguzi ni kitu cha maana na sitamshauri mtu anunue boti bila hiyo. Lakini mkaguzi mara nyingi huiona boti ikiwa imetulia, ama imepandishwa nchi kavu, ama imefungwa gatini. Hugonga fiba kwa nyundo ndogo na kusikiliza, hupima unyevu, huwasha injini ikanguruma vizuri. Havunji mbao za ndani kuangalia vile vyuma vinavyoshikilia nyaya za mlingoti, na chuma kisichoshika kutu huliwa hasa pale kilipofichwa, kwenye unyevu usiopata hewa. Hawezi kulitikisa tangi la dizeli kama mawimbi yanavyolitikisa. Uchafu wa miaka kumi umelala chini ya tangi kwa amani, injini inafanya kazi gatini saa nzima bila kukohoa. Siku ya kwanza ya bahari chafu uchafu ule unapanda, chujio linaziba, injini inazima, na mara nyingi inazima pale unapoihitaji, unapoingia bandari ngeni yenye miamba pande zote.

Na kuna jambo ambalo halimo kabisa katika kazi ya mkaguzi. Hakukukagua wewe. Hajui kama saa nane za usiku, taa zimezima, mkono wako unaweza kuifikia vali ya choo, ile inayozuia bahari isiingie ndani, bila kupapasa.

Mimi hili nimelipitia. Miaka kadhaa iliyopita nilikubali kumsaidia mtu kupeleka boti aliyoinunua mwezi uleule. Usiku wa tatu nilimaliza zamu yangu ya usukani, nikashuka ngazi kwenda kulala, mguu ukakanyaga maji. Yalikuwa yameshavuka mbao za sakafu. Pampu ya umeme ilikuwa inanguruma chini huko lakini haitoi kitu, kwa sababu ngama nzima, lile shimo la chini kabisa maji yanakojikusanya, ilikuwa na vumbi la mbao na vipande vya karatasi vilivyojikusanya miaka yote ile, na sasa vimeziba mdomo wake. Niliyaonja maji: ya chumvi. Basi si tangi la maji ya kunywa lililopasuka, ni bahari inaingia. Inaingilia wapi?

Hakuna aliyejua. Boti ile ilikuwa na matundu tisa chini ya mstari wa maji, ya choo, ya sinki, ya kupozea injini, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyahesabu kabla ya usiku huo. Mwenye boti alikuwa amepiga magoti majini anang'oa mbao za sakafu moja baada ya nyingine, mikono inamtetemeka, huku anarudia neno moja tu, "wapi, wapi, wapi." Sauti ile ninayo mpaka leo. Tulitumia dakika arobaini. Ilikuwa bomba la sinki. Kibano chake kilikuwa kimeliwa na kutu kikakatika, bomba likachomoka. Vali ya kulifunga ilikuwa nyuma ya droo ambayo lazima uitoe yote ndipo uione, na tulipoiona haikuzunguka, kwa sababu hakuna aliyeigusa kwa miaka. Kizibo cha mbao cha kupigilia kwenye tundu, kitu kidogo ambacho kila boti inapaswa kuwa nacho kimefungwa pembeni ya kila vali, hatukuwa nacho. Tulikunja taulo tukalishindilia, mtu mmoja akalishikilia kwa mguu huku wengine tunachota kwa ndoo.

Kibano kimoja kidogo kingetuzamisha watu wanne. Mtu aliyelala usiku kumi ndani ya boti ile karibu na bandari angekiona. Angetoa droo kutafuta kitu kingine akakutana na vali. Angesikia pampu ikihangaika. Mambo haya hayajifunzwi kwa kusoma ripoti, yanajifunzwa kwa kuishi.

Nikifikiria haraka ya namna hii namkumbuka Mwingereza mmoja, Donald Crowhurst. Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliandaa mashindano ya kuzunguka dunia kwa tanga, mtu mmoja, bila kusimama, na siku ya mwisho ya kuondoka ilikuwa 31 Oktoba. Crowhurst akajiandikisha. Boti yake ya viwiliwili vitatu, Teignmouth Electron, ilishushwa majini mwishoni mwa Septemba. Safari ya kuipeleka bandari ya kuondokea ilitarajiwa kuchukua siku tatu; ilichukua karibu wiki mbili. Boti ilikuwa imeshasema yote. Akaondoka tarehe 31 yenyewe, kazi haijakwisha, vifaa vingine vimebaki gatini. Maji yakaanza kuingia. Kwenda bahari za kusini na boti ile kulikuwa kifo, kurudi kulikuwa madeni na aibu, akaanza kutuma taarifa za uongo za mahali alipo. Julai 1969 boti ilikutwa inaelea Atlantiki, haina mtu.

Aliyeshinda, Robin Knox-Johnston, alitumia siku 312 katika boti ya mbao, nzito, ya mwendo wa pole, iitwayo Suhaili, jina la upepo. Nayo ilivuja. Alizama mwenyewe chini yake baharini akaziba. Lakini kabla ya mashindano alikuwa ameshaitoa India mpaka Uingereza kupitia Afrika Kusini. Walikuwa wanajuana.

Kuhusu mkuku, ule uzito wa chini unaoizuia boti isipinduke, nitasema kidogo tu. Mwaka 2014 boti ya tanga iitwayo Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki na watu wanne wakafa. Haikuwa imenunuliwa juzi, lakini ilikuwa imeshagonga chini zaidi ya mara moja huko nyuma, na wachunguzi waliona huenda hilo lilichangia. Ukinunua boti iliyotumika umenunua na miamba yote iliyoigonga, hata ile ambayo hakuna aliyekutajia.

EPIRB pia, kile kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti. Kama bado imesajiliwa kwa jina la mwenye zamani, siku utakapoiwasha waokoaji watampigia simu yeye, nyumbani kwake. Badilisha leo.

Nakubali wapo walionunua Jumatatu, wakaondoka Jumamosi, wakafika salama. Nakubali pia wapo wanaojiandaa miaka kumi mpaka boti inaoza gatini, na hao nao siwasifu. Lakini mtu anayenitajia waliofika hajawahi kumsikia mwenye boti akisema "wapi, wapi" gizani.

Asubuhi nilimpigia simu. Nimemwomba arudishe zile tiketi hata kama fedha hazirudi, na hao wenzake watatu awaambie ukweli. Nimemwomba atoke na boti asubuhi arudi jioni, kisha alale nje ya bandari siku ya upepo, apunguze tanga gizani, ajaribu ule mkono wa dharura wa usukani aone kama unaingia mahali pake au unagonga kitanda. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema atafikiria.

Kesho jioni naenda kulala naye ndani ya boti hiyo. Nimebeba vibano vipya na vizibo vya mbao. Tutazima taa zote, halafu nitamwambia anishike mkono anipeleke kwenye kila vali, moja moja, mpaka ziishe.